Pikipiki ndogo ya kwenda kazini kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 193: nipime nini kabla ya kununua?

Miguu_Mirefu:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Nina urefu wa sentimita 193 na uzito wa kilo 96, na ninatafuta pikipiki ya cc 125 hadi 150 ya kwendea kazini na kurudi kila siku. Sehemu kubwa ya njia yangu ni lami yenye foleni, kuna kilima kimoja kirefu, na kipande cha mwisho ni barabara ya vumbi yenye mashimo. Siku kadhaa katika juma huwa nampakia mke wangu. Pikipiki kubwa siitaki, kwa sababu nathamini wepesi wa kupenya katika foleni, unywaji mdogo wa mafuta na vipuri visivyosumbua kupatikana.

Tatizo langu ni magoti. Karibu kila pikipiki ndogo niliyoijaribu hunikunja mno, magoti yakapanda hadi usawa wa tangi, na nikikata kona kali kwa mwendo wa polepole mkono wa usukani hugonga goti la upande ninaoelekea. Nikiendesha kwa kama nusu saa, maumivu huanza mbele ya goti, kisha huhamia nyongani.

Wauzaji wote hunielekeza kwenye tarakimu moja tu, nayo ni kimo cha kiti kutoka ardhini. Nimezikusanya baadhi: Suzuki GN125 ina takriban sentimita 74, Yamaha YBR125 ina 78, Honda CB125F iliyotoka mwaka 2021 ina 79, na Honda XR150L inakaribia 83. Kwa hesabu hiyo jibu lingekuwa jepesi, yaani ninunue iliyo juu kuliko zote. Hata hivyo nimewahi kuketi juu ya pikipiki mbili ambazo vimo vya viti vyake vinapishana kwa sentimita moja tu, na moja ilinipa nafuu kubwa sana kuliko nyingine. Je, kimo cha kiti ndicho kipimo cha kufuata? Kama sicho, nipime nini, na ni marekebisho gani ambayo fundi anaweza kuyafanya bila kuiharibu pikipiki?

Fundi_Spana:

Ndugu Miguu_Mirefu, hizo pikipiki mbili ulizoziketia tayari zimekupa nusu ya jibu. Kimo cha kiti kutoka ardhini kinamhusu zaidi mtu mfupi, ambaye anataka kujua kama miguu yake itafika chini akisimama kwenye taa. Wewe miguu yako itafika chini katika pikipiki yoyote ya ukubwa huo. Kinachokuumiza ni umbali kutoka kwenye kiti hadi kwenye vikanyagio, na umbali huo hauandikwi katika karatasi za mauzo. Pikipiki inaweza kuwa na kiti kilicho juu huku vikanyagio vyake navyo viko juu, kama zilivyo nyingi zilizotengenezwa zifanane na pikipiki za mashindano, na miguu yako itakunjika vilevile ingawa tarakimu ya kwenye karatasi inavutia.

Kwa hiyo nenda na futi ya fundi cherehani. Pima kutoka mahali pa chini kabisa pa kiti, yaani pale utakapokalia hasa, hadi juu ya kikanyagio cha mbele, na uipime kila pikipiki kwa namna ileile moja ili tarakimu zako zilinganike. Halafu pima kutoka hapohapo pa kukalia hadi kwenye mshiko wa usukani. Alama hizo tatu, kiti, kikanyagio na mshiko, hufanya pembetatu, na mwili wako unaishi ndani ya pembetatu hiyo kila siku ya kazi. Tarakimu nyingine zote, pamoja na nguvu za injini, nazitazama baada ya hapo.

Niruhusu nikuonyeshe kwa hesabu kwa nini sentimita chache zina uzito mkubwa. Chukulia kwamba umbali kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu, mtu akiwa ameketi juu ya pikipiki fulani, ni sentimita 67. Mtu ambaye paja lake lina sentimita 45 na muundi wake pia 45 atakunja goti kwa pembe ya takriban nyuzi 96, na atakaa kwa raha. Mtu mwenye paja la sentimita 52 na muundi wa 52, ambaye pengine ndiye wewe, atakunja goti hadi nyuzi 80 juu ya pikipiki ileile. Ukikiinua kiti kwa sentimita 4, pembe yako itasogea hadi karibu nyuzi 85. Tofauti hiyo huonekana ndogo katika maandishi, lakini goti huitambua kabla safari haijafika mwisho, maana goti lililokunjwa zaidi hubana mfupa wa kilegesambwa dhidi ya paja kwa nguvu zaidi na kwa muda wote ule.

Jambo la pili ni umbo la kiti, na hapa ningependa ulipe uzito kuliko wauzaji wanavyolipa. Kiti kirefu kilicho bapa, kama cha pikipiki za kizamani za kazi, humruhusu mtu mrefu kurudi nyuma sentimita kadhaa hadi magoti yatoke kwenye njia ya usukani. Kiti chenye ngazi, ambacho sehemu ya abiria imeinuliwa, humfungia mwendeshaji mahali pamoja, yaani pale mtengenezaji alipomkadiria mtu wa urefu wa wastani. Nimeona watu warefu wakiteseka juu ya pikipiki mpya zenye kiti cha ngazi, ilhali pikipiki ya zamani yenye kimo cha chini zaidi iliwafaa kwa sababu ya kiti bapa tu. Tazama pia umbo la tangi: tangi pana lenye mabega yaliyotokeza hulisukuma goti nje, na goti refu hukutana na bega hilo badala ya kuingia kwenye kibonde kilichotengwa kwa ajili yake.

Sasa marekebisho. Lenye faida kubwa kuliko mengine ni kiti. Fundi wa viti hufungua kava, huongeza sponji ngumu yenye unene wa sentimita 3 hadi 5, huichonga, kisha hurudisha kava au kushona jipya. Sisitiza iwe sponji ngumu, kwa sababu sponji laini hujikunja chini ya kilo 96 na baada ya muda mfupi utajikuta umerudi ulikokuwa. Kama kiti kina ngazi, mwambie ajaze sehemu ya mwendeshaji na kuisogeza ngazi nyuma, mradi abiria abaki na nafasi ya kutosha.

Vikanyagio navyo vinaweza kushushwa. Katika pikipiki nyingi ndogo vikanyagio vya mbele vimefungwa kwenye nondo moja inayopita chini ya injini kwa boliti nne, na mtu anayejua kazi anaweza kutengeneza nondo nyingine iliyo chini kwa sentimita 2 hivi. Usizidishe hapo, kwa sababu kikanyagio kilichoshuka sana hukwaruza barabara unapolala kwenye kona na hugonga mawe kwenye njia mbovu. Usikubali pia kazi ya kuunganisha kipande kwa kuchomelea juu ya kikanyagio kilichopo. Uzito wako wote huangukia hapo unapoinuka kuvuka shimo, na kipande kikikatika wakati huo utaanguka.

Kuna rekebisho moja ambalo nakuomba ulikatae hata ukishawishiwa, nalo ni kufunga shokapu ndefu za nyuma ili pikipiki nzima iinuke. Shokapu ndefu huinua kiti na vikanyagio kwa pamoja, hivyo umbali kati yake haubadiliki hata kidogo na goti lako halipati chochote. Badala yake unapata madhara. Pikipiki yenye sentimita 130 kati ya magurudumu, ikiinuliwa nyuma kwa sentimita 3, hugeuza pembe ya shingo ya usukani kwa zaidi ya nyuzi 1, usukani ukawa mwepesi kupita kiasi na pikipiki ikaanza kuyumba kwenye mwendo. Mnyororo nao hubadilisha mkao wake, na stendi ya pembeni inakuwa fupi kiasi kwamba pikipiki hulala sana inapoegeshwa. Yote hayo ni gharama ya kutatua tatizo la mtu ambaye hana shida ya kimo.

Njia_ya_Vumbi:

Nakubaliana na Fundi_Spana kuhusu kipimo, ila naona amepita kimya mahali ambapo mtu wa sentimita 193 hupata nafuu bila kumwita fundi yeyote, nako ni kwenye pikipiki za njia mbovu. Pikipiki hizo hutengenezwa kwa mtu anayetarajiwa kusimama juu ya vikanyagio mara kwa mara, kwa hiyo kiti kiko juu, usukani ni mpana na umeinuliwa, tangi ni jembamba na kiti ni kirefu kilicho bapa. Ukizitazama kwa makini, hizo ndizo sifa ambazo mtu mrefu anazitafuta.

Katika kundi la injini ndogo, Honda XR150L uliyoitaja ni mfano mzuri, ikiwa na gurudumu la mbele la inchi 19 na la nyuma la inchi 17, injini inayopozwa kwa hewa na uzito wa chini ya kilo 130. Yamaha XTZ125 iko juu zaidi kidogo, kiti kikiwa sentimita 84 kutoka ardhini, na magurudumu yake ni ya inchi 21 mbele na 18 nyuma. Ukiwa tayari kupanda hadi cc 200, Hero Xpulse 200 ina kiti cha takriban sentimita 82 na magurudumu ya inchi 21 na 18 vilevile. Gurudumu kubwa la mbele huyapita mashimo kwa utulivu, na kwa kuwa kipande cha mwisho cha njia yako ni vumbi na mashimo, utaliona hilo kila jioni.

Nisingependa, hata hivyo, ununue kwa kusikia sifa tu, kwa sababu pikipiki hizi zina masharti yake. Kiti chake ni chembamba na kigumu, na mtu mwenye kilo 96 ataanza kulalamikia makalio pale alipoacha kulalamikia magoti. Abiria atapanda kwa shida kwa sababu kiti kiko juu, hasa akiwa amevaa gauni au kanga, na nafasi yake nyuma mara nyingi ni fupi. Muulize mke wako aipande kabla hujalipa, tena aipande na kushuka mara kadhaa. Tairi zenye meno makubwa hupunguza mshiko kwenye lami iliyolowa na huvuma kwa sauti, kwa hiyo uliza kama inakuja na tairi za mchanganyiko zinazofaa lami na vumbi, au weka hizo tangu mwanzo. Unywaji wa mafuta nao huwa juu kidogo kuliko wa pikipiki ya lami ya cc 125, ambayo ikiendeshwa kwa utaratibu hutumia takriban lita 2 kwa kilomita 100.

Vilevile shokapu za pikipiki hizo zina mwendo mrefu na ni laini, na mtu mzito akiketi zinashuka sana. Kwa hiyo unapopima umbali wa usukani kutoka ardhini au kujisikia kama uko juu, fanya hivyo ukiwa umeketi. Umbali wa kiti na vikanyagio hautabadilika kwa sababu ya shokapu, kama alivyoeleza Fundi, lakini ule wepesi wa usukani na mwelekeo wa taa ya mbele vitabadilika.

Jambo dogo la mwisho kutoka kwangu linahusu usukani. Mtu mrefu akitaka kusimama juu ya vikanyagio wakati wa kuvuka mashimo, usukani wa kawaida humlazimisha kuinama. Vipande vya kuinulia usukani vyenye kimo cha sentimita 2 hadi 3 huondoa taabu hiyo, na katika pikipiki ya lami husaidia pia kuuondoa mkono wa usukani kwenye njia ya goti. Baada ya kuvifunga, washa injini, iache ingurume polepole, kisha geuza usukani hadi mwisho upande mmoja na hadi mwisho upande wa pili. Injini ikipandisha mlio yenyewe ujue waya wa mafuta umevutika na ni mfupi. Kagua pia waya wa klachi na bomba la breki la mbele. Kimojawapo kikikaza, kibadilishwe kwa kirefu zaidi kabla hujaingia barabarani.

Skuta_Tu:

Naongeza neno kwa ufupi, kwa kuwa hakuna aliyezitaja skuta. Watu warefu huambiwa kwamba skuta haziwafai, na kwa skuta nyingi ndogo ni kweli, maana goti hugonga ngao ya mbele au usukani hugonga goti kama ulivyoeleza. Lakini zipo za cc 125 ambazo zimeacha nafasi ya kunyoosha miguu mbele, kama Honda PCX, na zipo zenye sakafu bapa na magurudumu makubwa ya inchi 16, kama Honda SH125i, ambayo kiti chake kiko karibu sentimita 80 kutoka ardhini. Goti linapata uhuru wa kubadilisha mkao njiani, jambo ambalo vikanyagio haviruhusu. Udhaifu wake ni kwamba miguu ikiwa mbele, kila mtikisiko wa barabara huingia moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, kwa sababu huwezi kujiinua. Kwa kipande chako cha mashimo ningesita, na kwa yule ambaye njia yake yote ni lami ningesema ajaribu.

Miguu_Mirefu:

Nawashukuru sana nyote. Nimekwenda na futi kama nilivyoelekezwa, nikapima kwa namna moja kila mahali. Zimebaki mbili. Ya kwanza ni pikipiki ya lami ya cc 125 yenye kiti kirefu kilicho bapa, ambayo ina sentimita 47 kutoka kiti hadi kikanyagio. Ya pili ni ya njia mbovu ya cc 150, yenye sentimita 53. Juu ya ile ya pili magoti yangu yalikaa chini ya usawa wa tangi kwa mara ya kwanza, na usukani uligeuka hadi mwisho pande zote mbili bila kunigusa. Mke wangu aliipanda kwa kukanyaga kikanyagio cha abiria, akasema inawezekana ila si rahisi, na juu ya ile ya kwanza alikaa kwa furaha zaidi.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, uzito wetu wawili pamoja na mizigo midogo unakaribia kilo 165. Je, pikipiki hizi zitaubeba kwenye kilima bila kuumia? Pili, kwenye ile ya lami niliona kwamba kiatu changu, namba 47, kinaingia kwa shida chini ya mguu wa gia, na kisigino kinagusa ule mguu wa nyuma wa kukanyagia gia. Je, hilo linarekebishika?

Mkufunzi_Barabarani:

Ndugu Miguu_Mirefu, nafundisha watu kuendesha, na swali lako la uzito ndilo ningetaka ulitatue kwanza, kwa kuwa linahusu usalama wa watu wawili. Kila pikipiki ina kikomo cha mzigo kilichowekwa na mtengenezaji, na kikomo hicho hujumlisha mwendeshaji, abiria na mizigo yote. Kimeandikwa katika kitabu cha mmiliki, na pikipiki nyingi ndogo zina kikomo kisichozidi sana kilo 150 au 160. Omba kitabu dukani ukisome kabla ya kulipa. Kama kilo 165 zinavuka kikomo cha pikipiki uliyoipenda, hakuna rekebisho la kiti wala la shokapu litakaloubadilisha ukweli huo, kwa sababu fremu, breki na rimu zilikadiriwa kwa mzigo ule. Katika hali hiyo mizigo iachwe, au uchague pikipiki yenye kikomo cha juu zaidi.

Ikiwa uko ndani ya kikomo, kazi inayofuata ni kuiandaa pikipiki kwa mzigo huo. Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi ndogo zina ringi yenye ngazi kadhaa, inayozungushwa kwa spana ya kulabu ili kuikaza springi. Wewe peke yako pengine utahitaji ngazi ya kati, na ukimpakia mke wako utahitaji ngazi ya juu. Njia nyepesi ya kujua ni kupima umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi alama fulani kwenye fremu wakati gurudumu limeinuliwa, kisha kupima tena ukiwa umeketi. Kushuka kwa karibu theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu ni sawa. Ikishuka zaidi, kaza. Upepo wa tairi la nyuma nao una kipimo cha mtu mmoja na kipimo cha watu wawili, na mara nyingi vyote viwili vimebandikwa kwenye karatasi juu ya kifuniko cha mnyororo au mkono wa gurudumu la nyuma. Nawasisitizia wanafunzi wangu jambo hili kuliko mengi mengine, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu chini ya mzigo hupata joto na hupasuka.

Kuhusu kilima, injini ya cc 125 ya aina hii hutoa nguvu za farasi 10 au 11, nazo zinatosha kuwapandisha wawili ikiwa utakubali kushuka gia mapema. Kama unaona unalazimika kuivuta sana, sproketi ya mbele, yaani gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo, yenye meno 15 inaweza kubadilishwa kwa yenye meno 14. Injini itazunguka kwa takriban asilimia 7 zaidi kwa mwendo uleule, ikapanda kwa nguvu zaidi, na utapoteza kiasi cha mwendo wa juu ambao katika foleni huutumii. Wakati wa kupanda kumbuka pia kwamba mtu mrefu ana kifua na kichwa vilivyo juu, na ukiwa umerudi nyuma ya kiti huku abiria akiwa nyuma yako, gurudumu la mbele hupungukiwa na uzito na usukani huwa mwepesi kuliko ulivyozoea. Sogea mbele kidogo na uegemeze kifua mbele wakati wa kuondoka kwenye mteremko.

Ningependa pia ufanye jaribio moja kabla hujachagua, kwa kuwa kuketi juu ya pikipiki iliyosimama dukani hakutoshi. Omba uwanja tupu na ugeuze duara dogo kulia na kushoto kwa mwendo wa mtu anayetembea, usukani ukiwa umegeuzwa karibu hadi mwisho, huku vidole vyako viko kwenye klachi na mguu wa kulia uko juu ya breki ya nyuma. Pikipiki isiyomfaa mtu mrefu hufichuka hapo, kwa sababu goti linalozuia usukani humfanya mwendeshaji alitanue nje, na goti likitanuka nje, mguu huachia breki. Mtu anayegeuza katikati ya foleni bila breki ya nyuma yuko hatarini. Kwa sababu hiyohiyo usiige wale wanaoweka miguu kwenye bomba za kukinga injini ili kuyanyoosha magoti. Sekunde inayotumika kuurudisha mguu kwenye breki haipatikani wakati mtu anakatiza barabara mbele yako.

Kwa vipimo ulivyovileta, ningechagua ile ya sentimita 53. Tofauti ya sentimita 6 ni kubwa kuliko unayoweza kuipata kwa sponji peke yake kwenye ile ya kwanza bila kumwinua abiria na kukiharibu kiti, na usukani usiogusa goti ni jambo la usalama kabla ya kuwa jambo la raha. Upungufu wa abiria unapunguzika: mfundishe apande wakati umeishika breki ya mbele na miguu yako yote miwili iko chini, jambo ambalo wewe kwa urefu wako utalifanya kwa urahisi ambao wengi hawana.

Fundi_Spana:

Naunga mkono uchaguzi wa Mkufunzi, nami nijibu lile la kiatu, kwa kuwa ukiamua vinginevyo utalihitaji. Mguu wa gia umefungwa kwenye shafti yenye meno madogo. Legeza boliti, uvute utoke, uuinue kwa jino moja, kisha uurudishe na kukaza. Jino moja kwa kawaida linamtosha mwenye kiatu kikubwa, na ukiinua mawili utalazimika kuunyanyua mguu mzima ili kukanyaga gia chini. Kama pikipiki ina mguu wa gia wa kukanyagia pande mbili, wa mbele na wa kisigino, kuuinua mbele kunaushusha nyuma, na huenda hilo likaondoa kero zote mbili kwa pamoja. Lisipoondoa, funga mguu wa gia wa upande mmoja, mradi shafti yake iwe na idadi ileile ya meno.

Upande wa kulia, kama utashusha vikanyagio, pedeli ya breki ya nyuma itabaki juu kuliko unyayo wako na utachoka kwa kuinua vidole. Ishushe kwa boliti yake ya kuzuia iliyo karibu na egemeo, kisha urekebishe nati ya fimbo ya breki ili pedeli iwe na uchezaji wa sentimita 2 hadi 3 kabla breki haijaanza kushika. Ukimaliza, geuza nati ya swichi ya taa ya breki, kwa sababu pedeli iliyoshushwa huivuta springi ya swichi hiyo na taa ya nyuma hubaki inawaka muda wote, hata kama hujagusa breki. Mwombe mtu asimame nyuma ya pikipiki akuthibitishie kwamba taa inawaka unapokanyaga na inazimika unapoachia.